Kibao cha Kupimia Kina

Rafiki yangu Nasma husimulia haya kwa kunong'ona. Alitumwa kwa fundi mmoja, mtaa wa Mabatini, kuchukua kibao cha shaba chenye alama za kina cha ziwa. Mumewe, Suhaib, mzamiaji wa watafiti wa samaki, angeshuka nacho majini alasiri ile, na asingeruhusiwa kupita alama ya mwisho.

"Keti mlangoni, mwanangu," fundi, Mzee Abeid, alimwambia kwa upole. "Tindikali itamkohoza huyo mtoto uliyembeba mgongoni."

Mara umeme ukakatika. Kwenye giza hafifu la karakana wakaisikia tindikali ikila shaba, ssss, mahali pale tu ambapo nta iliyoifunika ilikuwa imekwanguliwa ili kuchora alama. Mzee akakitoa kibao, akakisuuza, akakikausha kwa kitambaa. Mlio ukakoma.

"Mwambie Suhaib asikiangushe, la sivyo atachonga kingine mwenyewe," alitania, akakifunga kwenye gazeti.

Ufukweni, Mwaloni Kirumba, boti ilikuwa imekwisha kuwashwa. Suhaib alinyoosha mkono apokee. Ndipo Nasma akasikia, ssss, ndani ya gazeti.

Alilifungua. Shaba ilikuwa kavu, ya baridi. Chini ya alama ya mwisho mstari mpya ulikuwa ukijichimba taratibu, na chini ya huo, mwingine ulikuwa umeanza.