Kipima Gesi Kilipolia

Mto ulikuwa umekula daraja, na Anguzu hakujua hilo mpaka magurudumu ya mbele yalipokosa ardhi.

Alikuwa dereva wa miaka mingi, shabiki wa timu ya Onduparaka, na tangu yeye na wenzake wawili watoke Arua na kupita Manibe alikuwa hajamaliza kulalamikia penalti ya Jumapili. Lami aliiacha kwa hiari yake, akidai kwamba njia ya mashambani ingewafikisha Koboko kabla ya mvua. Mvua haikumsubiri. Pikapu ilitumbukia kwa pua, maji mekundu yakaingia dirishani, na mguu wake wa kulia ukabanwa chini ya usukani mpaka mfupa ukavunjika.

Aliyemtoa ni Gaspard. Huyu alikuwa mchimba visima, Mkongomani aliyehamia Koboko zamani na kuoa huko. Aliuzuia mlango kwa mgongo, maji yakimpiga kifuani, akamvuta Anguzu kwa makwapa. Mara tatu maji yalimfunika kichwa, na mara tatu akaibuka bila kuachia. Candiru, fundi wa vipimo, ambaye ndiye mdogo kati yao, alifika ukingoni na kamba moja na sanduku la njano la kipima gesi. Bila kipimo hicho asingeruhusu mtu ashuke katika kisima walichokuwa wakienda kukisafisha. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na aliipenda.

Simu zilikuwa zimekufa. Candiru alichana kitenge chake, akaufunga mguu wa Anguzu kwa vijiti viwili vya mtama, akakaza palipokuwa panavuja damu. Aliuliza Koboko iko upande gani. Gaspard alionyesha kilima cha kaskazini, mkono wake ukitetemeka. Kisha mvua ya mawe ikaanza, na hakukuwa tena na habari ya kilima.

Walimbeba Anguzu hadi kwenye banda la kukaushia tumbaku lililokuwa katikati ya shamba. Lilikuwa na kuta nene za udongo, halina dirisha, na mlango wake ulikuwa wa bati. Matundu mawili ya juu yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili joto lisitoke. Ndani walikuta karai bovu na nusu gunia la makaa. Kiberiti cha Gaspard kilikuwa kwenye kopo lenye kifuniko, kama kilivyokaa siku zote, kwa sababu kila mara kabla ya kushuka kisimani aliteremsha taa kwanza. Taa ikizimika, hashuki. Miaka thelathini taa ile haikuwahi kumwangusha.

Makaa yalishika. Anguzu walimlaza karibu na mlango, maana mguu haukukunjika kumfikisha ndani zaidi. Gaspard walimpa mahali pazuri, pale kwenye moto. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi na maneno yalikuwa yakimtoka vipande vipande. Hilo nalo walilifanya kwa upendo.

Candiru alitoka nje, akasimama chini ya upenu kuangalia kama maji yameingia sandukuni. Sifongo ya ndani ilikuwa kavu. Alifanya kama alivyofundishwa: akabonyeza kitufe bila kuachia, akasubiri kipimo kijipashe moto na kuhesabu kurudi nyuma, akakiwekea sifuri katika hewa safi, akaziba mdomo wa mpira wake wa kuvutia hewa kwa kidole kuhakikisha pampu inavuta. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Akaingia nacho ndani, akafunga mlango, akakaa. Haikupita muda kikaanza kulia.

Namba ilikuwa ya ile gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, isiyo na harufu wala rangi, wala haizimi taa. Tisini, wakati kisimani hata nusu yake humzuia mtu kushuka. Mia na arobaini.

"Zima hiyo kitu," Anguzu alisema, macho yamefumbwa kwa maumivu. "Kule ofisi inalia kila siku."

Hapo hakusema uongo. Ofisi yao ya Awindiri, mjini Arua, ilikuwa na soketi moja tu yenye umeme wa uhakika, ile ya stoo, kando ya betri za sola, na betri zinapochajiwa hutoa hewa ambayo kipimo kile huidhania kuwa gesi hiyo. Kitabu chake cha maelekezo kinaeleza wazi kwamba kisiwekwe karibu na betri. Candiru aliusoma ukurasa huo na kumwambia bosi wao, Abiriga, mara moja. Abiriga akamuuliza kama anataka kukichajia kwenye mti. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kipimo kilipolia Candiru alibonyeza kitufe cha kukinyamazisha bila hata kukitazama.

Mia mbili na kumi na mbili.

"Papa Gaspard," alisema, "masini inakataa hewa ya hapa. Tufungue mulango?"

Gaspard alitazama makaa. Yalikuwa mekundu, yamechangamka. "Moto iko nawaka muzuri, binti yangu. Mahali moto inapumua, mutu pia inapumua." Akasogeza viganja karibu zaidi. "Baridi itaniua kwanza, mbele ya hewa."

Candiru aliitazama namba, akaitazama mikono ile inayotetemeka. Kufungua mlango kulikuwa ni kumwambia mzee aliyetoka kumwokoa mwenzao kwamba hajui kazi yake. Kidole chake kilikuwa kimeshazoea kitufe.

"Pengine maji imeingia," alisema, ingawa alijua hayakuingia.

Alikizima. Aliukunja mpira vizuri, akakipangusa, akakilaza kwenye sifongo na kubana vifungo vyote viwili. Ofisini hakuwahi kukihifadhi kwa uangalifu kama siku ile.

Kichwa kilipoanza kumgonga alidhani ni njaa. Anguzu alitapika, na Candiru akajikokota kumsafisha. Alifungua mlango ili amwage yale matapishi, akaanguka kifudifudi kwenye tope nje. Alilala pale akivuta hewa. Mvua ilikuwa imekatika na jua la saa kumi na moja lilikuwa likiwaka juu ya majani ya tumbaku yaliyochanwachanwa. Kidogo kidogo akili ikamrudia, na pamoja nayo namba ile.

Alibana pumzi, akamburuta Anguzu nje kwa kola. Akarudi tena kwa magoti. Gaspard alikuwa ameketi kando ya karai, uso umenawiri, hatetemeki tena. Candiru alimfunga kamba ya kisima kifuani, akamvuta hadi nje, akampulizia pumzi mdomoni mpaka yeye mwenyewe akaona giza. Gaspard hakurudi.

Filda, mwenye shamba, aliyekuja kutazama hasara ya tumbaku yake, ndiye aliyewakuta. Aliita watu, wakaung'oa mlango wa banda kuwa machela ya Anguzu, na mwili wa Gaspard wakaubeba mabegani. Walipanda kile kilima ambacho Gaspard alikionyesha, na nyuma yake Koboko ilikuwa karibu kiasi cha kutia hasira. Njiani Anguzu alimshika Candiru mkono, akamsihi aseme kipimo kilikufa kwa maji. Hakuna mutu atajua, alisema, akilia.

Candiru naye hakuwa na shaka kwamba hakuna ambaye angejua. Hata hivyo asubuhi iliyofuata alifika nyumbani kwa Marcelline, mjane wa Gaspard, na sanduku mkononi. Watu walikuwa wakisema ni mvua, ni mapenzi ya Mungu. Marcelline alilitazama sanduku la njano.

"Gaspard alikuwa anasema hii kitu inajua hewa. Ilisema nini?"

Candiru alikiwasha na kumwonyesha namba ya juu kabisa iliyobaki ndani. "Ilisema tutoke, mama. Mimi ndiye niliinyamazisha."

Marcelline hakumpiga wala kumtukana, ingawa kipigo Candiru angekipokea kwa shukrani.

"Basi utakaa hapa mulangoni," alisema. "Kila mutu anayekuja matanga, utamwambia wewe mwenyewe. Mpaka matanga iishe."

Candiru aliketi, sanduku likiwa magotini. Wa kwanza kuingia alikuwa Abiriga, ametoka Arua kwa gari la ofisi, amevaa suti, mfuko wa sukari mkononi. Alinyoosha mkono kumpa pole.

Candiru hakuushika. Alianza kumweleza, tangu kwenye soketi ya stoo, naye Marcelline akasogea karibu asikie.