Siku Mia na Kumi na Mbili

Jirani, yule mshona nguo aliyeweka cherehani yake dirishani, anaapa kwamba yule afisa wa ng'ambo ya mpaka amehamia mtaani. Anasema alimwona kwa macho yake, Jumamosi asubuhi, amejitwika godoro, suti ya kahawia imembana mabegani, anaelekea kwa mpenzi wake, karani.

Godoro lilikuwa la shangazi yake afisa, nyumba ya tatu mbele, mama wa watu anaumwa mgongo. Huko ndiko afisa alikolala kila alipokuja. Lakini nani amuulize shangazi wakati jirani yupo?

Afisa na karani walikutana kwenye foleni ya mpakani, watu wamebanana kama njiti za kiberiti. Karani akahisi gauni lake la maua limevutwa.

"Kaka, umenikanyagia gauni."

"Samahani, dada. Lenyewe ndilo linanifuata."

"Basi liachie, lina kwao."

Karani akacheka kabla hajamaliza kununa. Kumbe wote wawili ni watu wa kodi, afisa upande ule, karani upande huu. Ofisi zao zinasaidiana: moja ikitaka habari za mtu huandika barua, nyingine huchunguza na kujibu. Barua hizo hufunguliwa na karani. Sharti ni moja tu, anayeulizwa habari zake haambiwi.

Mwaka mzima afisa alikuja kila Jumamosi, akarudi kwao Jumatatu alfajiri, sikukuu akiongeza siku. Katikati ya wiki ni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na usinipigie kazini, bosi ana masikio ya sungura."

Ndipo ikaja barua. Ofisi ya ng'ambo inauliza: mtumishi wetu huyu, tunasikia anaishi kwenu. Anayelala kwenu zaidi ya nusu mwaka ni mlipakodi wenu, na sisi atakuwa ametudanganya, hatuna kazi naye. Jina lilikuwa la afisa.

Karani akaipeleka kwa bosi, mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani.

"Bosi, huyu namfahamu."

"Unamfahamu vipi?"

"Kiatu chake cha kushoto kinalia akitembea."

Bosi akavaa miwani, akamtazama. "Basi barua hii si yako tena. Na usimwambie neno."

Karani hajui kudanganya, hivyo akaacha kupokea simu. Ikilia anaitazama kama maziwa yanayotaka kufurika. Ujumbe wa afisa ukaingia: *Nimekosa nini, mama?* Akaandika *Hujakosa*, akafuta.

Wiki ya tatu wachunguzi wakarudi ofisini na hadithi ya jirani ya godoro. Bosi akamwita karani.

"Jirani yako anasema kahamia kwako."

"Bosi, jirani huyo alishanitangaza nimekufa, kumbe nimelazwa siku mbili na malaria. Muulizeni shangazi wa afisa."

Shangazi alikuwa na kalenda ukutani. Kila mgeni akilala hutia alama, ajue shuka za kufua. Zikahesabiwa alama za afisa za mwaka: siku mia na kumi na mbili. Jibu likaenda. Afisa akaitwa na wakubwa wake, akasomewa jibu hilo, akaponea chupuchupu.

Jumamosi akasimama mlangoni kwa karani, hata hodi hakupiga vizuri.

"Wiki tatu umeninunia, kumbe ulikuwa unanihesabu?"

"Sikununa. Nilifungwa mdomo."

"Nilimwambia mama umeniacha. Akalia, akajifuta, akanitafutia mwingine."

"Mzuri?"

"Mzuri. Ila kila nikisema, anakubali. Nilichoka siku ile ile."

Karani akajikaza asicheke, akashindwa. Afisa hakucheka.

"Zimebaki siku sabini na moja nitimize nusu mwaka," alisema polepole. "Nikizipita, mimi ni mtu wa huku, na kazi kule ndiyo basi. Nakuomba uniruhusu nizimalizie hapa, nikiwa mumeo."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akasogea kumwachia nafasi. Karani alibaki amesimama, akikitazama kisogo kile kilichonyolewa upya, ajira ya mtu huyo ikiwa mkononi mwake.

"Nijibu basi, mpenzi. Hata kwa mdomo tu."