Ala Isiyouma

Kosa la kwanza la ile ala ni kwamba haikuuma.

Ala mpya ya ngozi, yaani mfuko wa kuvalia bastola, huuma. Huku Wyoming kila anayevaa rivolva kubwa kiunoni analijua hilo: ngozi mpya ni ngumu, inalia kwi-kwi kila ukipiga hatua, na itakuchubua wiki mbili tatu kabla haijakubali kuishi nawe. Ndiyo maana kila nyumba ina sanduku la ala zilizokataliwa. La Verna Stuckey lilikuwa na tisa. Moja ilimchoma ubavuni kila akikaa juu ya farasi, nyingine ilimteremsha suruali mpaka wawindaji wakamcheka, na ile ya kuvaa kifuani ilimzuia kukumbatia mizigo. Tena Verna si mtu wa kudeka. Ana miaka hamsini na minane, na kila Septemba anawapandisha wawindaji mlimani na nyumbu wake wa mizigo. Nyonga yake ya kulia imeshikizwa kwa bamba la chuma tangu nyumbu mmoja alipomwangukia.

Kule juu hapandi mtu bila bastola. Bunduki ndefu hukaa kwenye tandiko, na dubu akitokea, farasi hukimbia nayo. Kwa hiyo Verna alimwendea Thurman Beck, fundi wa matandiko pale mjini, akamwambia wazi: "Thurman, nishonee ala nitakayoweza kuivaa kutwa nzima. Ukishindwa, nauza nyumbu, nashuka nikae kwenye kiti cha dada yangu nitazame televisheni mpaka nife."

"Usinitishe, mama nyumbu," Thurman alicheka. "Lete hilo zinga lako nilipime."

Aliilowesha ngozi, akaikanda juu ya rivolva mpaka ikashika umbo lake, akaiacha ikauke. Siku ya nne Verna alifunga mkanda na kutembea kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Akasimama. Hakusikia chochote. Hata lile bamba halikumchoma, bamba ambalo kwa miaka sita halikumpa asubuhi moja ya amani.

"Mbona ya moto?" aliuliza, akiipapasa.

Thurman alijishughulisha na nyuzi zake. "Ilikuwa juani," alisema. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Mtu mwingine angeivua pale pale. Verna hakuivua, na mimi simlaumu, kwa sababu anayelaumu hajawahi kuumwa nyonga.

Siku ya kwanza mlimani alipanda na kushuka kama msichana. Siku ya pili alianza kusikia harufu ya tumbaku ya kiko, ingawa kambini hakuna aliyevuta. Kisha ukaja mlio wa vyuma vya visigino, cheng, cheng, nyuma yake kidogo upande wa kulia, ukitembea akitembea na kusimama akisimama, na akigeuka haoni ila njia tupu na jua limewaka. Nyumbu wake wa mbele, jike aitwaye Duchess, hakukubali tena kuguswa na mkono wake wa kulia. Kila walipofika njia panda ya Bonde la Mawe Mekundu, ile ala ilijivuta pale kiunoni, polepole, kama mtu anayekushika mkanda na kukuonyesha pa kwenda.

"Acha ujinga," Verna aliinong'oneza, halafu akajiona mwehu kuongea na ngozi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, dubu akatokea.

Verna alikuwa kijitoni peke yake akijaza madumu, na dubu akachomoza vichakani hatua ishirini kutoka kwake, jike kubwa mwenye nundu ya rangi ya mchanga, akasimama kwa miguu miwili akinusa. Verna alipeleka mkono kwenye rivolva kama alivyofanya mara elfu, akavuta, isitoke, akavuta tena kwa nguvu zote, na safari hii akasikia ngozi ikikaza chini ya kiganja chake, ikikaza vidole kimoja baada ya kingine, vidole vya mkono wa mwanamume vilivyoishika bastola kwa ndani na kukataa kuiachia, huku harufu ya tumbaku ikimjaa puani na sauti ya kukwaruza, karibu kabisa na sikio lake, ikisema taratibu, bila hasira yoyote, "Tulia. Hutaumwa tena. Kaa na mimi."

"Sikai na mtu!" Verna alipiga kelele, akalirusha dumu, akatukana matusi yote aliyojifunza kwa nyumbu. Dubu alishuka, akapuliza pua, akajiondokea zake. Verna alijaribu kuvua mkanda. Bizimu halikufunguka.

Wenyeji huita mzuka. Mimi kwetu nimefundishwa kuita jini. Jina lisitugombanishe, kitu kilikuwa kimemng'ang'ania mwanamke kiunoni.

Alishuka mlima siku iyo hiyo, akaingia kwa Thurman bila kubisha hodi.

"Ngozi hii umeitoa wapi?"

Thurman aliangalia bizimu, akaangalia uso wake, akakaa chini. "Nisikilize, Verna. Ngozi mpya ingekuumiza tu. Nilitaka iliyolainika. Nikakata ubavu wa tandiko la Royce."

"Royce Amundsen?"

"Limekaa hapa miaka kumi na mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Mkewe Lavonne alilileta nilitengeneze, hakurudi kulichukua. Nikadhani amelisahau."

Royce alipotelea Bonde la Mawe Mekundu, na farasi wake alirudi na tandiko tupu. Huku Wyoming mpanda farasi akifa, farasi wake huvishwa tandiko, buti za marehemu huingizwa kwenye vikuku vya kukanyagia zikitazama nyuma, na mnyama huongozwa barabarani watu wamesimama kimya. Ndivyo anavyoagwa. Royce hakuwahi kuagwa. Mwili haukuonekana, na mkewe alikataa kata kata aagwe. Na tandiko ambalo mwenyewe hajaagwa halikatwi. Thurman alilijua hilo kuliko wote.

"Ulijua," Verna alisema.

"Nilijua." Fundi hakuinua macho.

Lavonne Amundsen alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Aliiona ile ala kabla hajauona uso wa Verna. Akanusa mara moja, akashika fremu ya mlango.

"Hiyo tumbaku yake," alinong'ona.

"Shoga, anataka nibaki naye kule. Leo nusura niliwe na dubu kwa ajili yake. Tumuage."

"Nikimuaga ndiyo amekufa."

"Lavonne, amekufa! Tena anashika viuno vya wanawake wengine."

Lavonne aligeuka kwenye kizingiti. Kisha akaingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba buti mbili za Royce zilizopakwa rangi vizuri. Miaka kumi na mmoja alikuwa akizipaka rangi kila Jumapili.

Walimvisha Duchess lile tandiko lenye ubavu mmoja, kweupe, mbele ya duka la Thurman. Buti zikaingia kwenye vikuku zikitazama nyuma. Lavonne akashika kamba. Watu walitoka posta na mkahawani, wakavua kofia bila kuambiwa. Nyumbu akapiga hatua tatu, akagoma. Vyuma vya visigino vikaanza kulia, na macho ya mji mzima yakaona zile buti zikitetemeka, kisha zikaanza kugeuka, polepole, kidogo kidogo, ncha zikitafuta mbele, na mkanda wa Verna ukamkaza mpaka pumzi ikakatika, na Lavonne akaiachia kamba, akafunika uso kwa mikono yake yenye unga, akasema, "Hataki. Mwacheni, hataki."

Verna alijivuta mbele. Alizikamata buti zote mbili, akazirudisha kinyumenyume kwa nguvu.

"Royce Amundsen!" Hakunong'ona sasa. "Nyonga ni yangu! Na mlima naupanda kwa miguu yangu, ikiuma na iume! Mkeo amesimama hapa miaka kumi na mmoja hajakaa. Muage mwanamke, uondoke!"

Lavonne aliteremsha mikono. Alisogea, akaweka kiganja juu ya tandiko, akasema kwa sauti ya mke aliyechoka, "Umesikia. Nenda, Royce. Mimi nitalala."

Bizimu likafunguka lenyewe. Ala na rivolva vikaanguka vumbini, na papo hapo maumivu yote ya siku tatu yakamrudia Verna kwa mpigo mmoja, akapiga goti, machozi yakamtoka. Duchess alinyanyua masikio, akaanza kutembea taratibu. Hakuna aliyemwongoza. Walimfuata hadi mwisho wa mji, na zile buti hazikugeuka tena.

Thurman alirudi akiwa amekunja kofia mkononi. "Nitakushonea nyingine. Ngozi mpya. Ile tuichome."

Verna aliiokota, akaifuta vumbi, akachomoa rivolva mara tatu. Ilitoka vizuri. Akamtazama Lavonne.

"Vaa," Lavonne alisema. "Akirudi, niite. Sijamaliza naye."

"Basi ishushe vidole viwili," Verna alimwambia fundi, "uilaze nyuma ya mfupa, usiizidishe. Na safari hii nataka nikuone ukishona."

Alfajiri ya pili alikuwa njiani tena. Ngozi ile ile sasa ilikuwa ya baridi, ilikuwa inalia kwi-kwi. Kwenye mpando wa kwanza ikamchoma, ikamchoma tena kwenye wa pili, na alipofika njia panda ya Bonde la Mawe Mekundu alikuwa amekaza meno. Alisimama pale makusudi. Hakuna kilichomvuta.

"Inauma," Verna alimwambia nyumbu wake, akicheka peke yake, na akapiga hatua nyingine kwenda juu.