Meza Kubwa Kuliko Kazi

Kila siku baada ya shule, Bi Ndoto alipitia kwenye karakana ya mama yake, akauning'iniza mkoba msumarini na kuvaa aproni iliyomfika miguuni. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, kwani binti huyo wa miaka kumi na miwili aliweza kukuitikia "naam" huku mawazo yake yakiwa safarini.

"Umeshaondoka tena?" mama yake alimuuliza siku moja.

"Nipo hapa, Mama."

"Mwili upo, naam. Wewe mwenyewe utarudi lini?"

Mama huyo alikuwa fundi wa kukata marumaru, naye alikuwa akijiandaa kununua mashine inayokata kwa maji. Ndani ya mashine hiyo, maji yaliyochanganywa na mchanga laini husukumwa kwa nguvu nyingi kupitia tundu jembamba, yakapenya jiwe kama sindano inavyopenya kitambaa. Kipande kinachokatwa hulazwa juu ya meza, na chini ya meza kuna beseni pana lililojaa maji.

Muuzaji alikuwa na meza za aina tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Ukishaagiza, hairudishwi.

"Mchana mimi huwa kwa wateja nikiwawekea sakafu," Mama alimwambia binti yake. "Kwa wiki mbili, pima kila kipande kinacholetwa hapa, urefu na upana, uandike kwa penseli katika daftari. Tutachagua meza kwa vipimo vyako."

Siku nne za kwanza Bi Ndoto alipima vizuri. Siku ya tano akaiona picha ya meza kubwa katika karatasi za muuzaji. Maji yake yalikuwa ya samawati, yametulia tuli, na mwanga wa paa umelala juu yake. Tangu hapo hata darasani aliyaona. Aliona ziwa dogo ndani ya karakana, shomoro wakishuka kunywa ukingoni, yeye mwenyewe amekaa kando yake akisoma. Ziwa hilo lilimjia polepole, kama usingizi.

Basi akaanza kufuta vipimo alivyoandika. Mita mbili na nusu ikawa mita tatu na nusu. Mita moja ikawa karibu mbili. "Naongeza kidogo tu," alijiambia. "Nani ataumia?"

Aliyekuwa karibu naye ni Fundi Kobe peke yake, mzee wa kung'arisha kingo za mawe. Aliitwa hivyo kwa sababu haraka na yeye hawakuwahi kusalimiana. Alifanya kazi kwenye benchi lake dirishani, masikio ameyaziba kwa pamba, macho kwenye jiwe.

Wiki mbili zilipotimia, Jumamosi asubuhi, Mama alilifungua daftari, akasoma, akaguna.

"Kumbe vipande vya wateja wetu ni virefu hivi! Itabidi tuchukue meza kubwa. Saa sita nampigia muuzaji."

Alichukua chaki akaichora meza hiyo sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Mstari ulianzia mlangoni, ukapita katikati ya chumba, ukaingia chini ya benchi la Fundi Kobe na kutokea upande wa pili.

Fundi Kobe aliutazama. Kisha akazitoa pamba masikioni na kuanza kushusha misasa yake ukutani, mmoja mmoja.

"Unafanya nini, Fundi?" Bi Ndoto aliuliza.

"Nahama, mwanangu. Nitafanyia kazi uani. Jua likizidi nitavaa kofia, mvua ikizidi nitarudi kwa mke wangu anigombeze." Alicheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya fremu ya dirisha. "Tatizo ni mwanga huu tu. Miaka kumi na mitatu umekuwa ukinionyesha mikwaruzo. Huko nje jua kali hunipofusha macho."

Vumbi la marumaru lilielea kwenye mwanga huo, jeupe, bila haraka ya kutua. Bi Ndoto alilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aione ile picha hakuliona ziwa. Alimwona mzee akifungasha vyombo vyake.

"Mama, usipige simu," alisema. "Vipimo si vya kweli. Niliviongeza mimi. Nilitaka meza kubwa."

Mama aliiweka chaki chini. "Vingapi?"

"Kumi na viwili."

Mama hakumkaripia. Alilipeleka daftari dirishani, akaliinamisha. Chini ya nambari zilizofutwa yalionekana makovu ya zile za kwanza.

"Mkono wako mzito umetuokoa," Fundi Kobe alisema. "Nisomee, mwanangu. Taratibu, unanijua."

Waliziandika upya zote. Vipande karibu vyote havikufika mita tatu kwa urefu, wala mita moja na nusu kwa upana, ambao ndio ukubwa wa meza ya kati. Kimoja tu kilifika nne.

"Hicho tungekikata upande mmoja, tukakisogeza, tukamaliza wa pili," Mama alisema. "Hununui kitanda kwa ajili ya mgeni wa usiku mmoja."

Walifuta sakafu, wakachora meza ya kati, wakiacha nafasi ya vibanio vya kushikilia jiwe pembeni na njia ya kuizunguka. Kisha Mama na Fundi Kobe walibeba ubao wa mita tatu kama mfano wa jiwe, wakageuka nao kila kona. Haukugusa ukuta. Benchi lilibaki dirishani.

"Nisamehe, Fundi," Bi Ndoto alisema.

"Nimekusamehe. Nipe huo msasa niurudishe kwao."

Mama alipiga simu, akaagiza meza ya kati. Kisha akamketisha binti yake kando yake.

"Kuota si kosa, mwanangu. Hata karakana hii niliiota kabla ya kuijenga. Ila ukiambiwa upime, umeaminiwa uwe macho ya wengine. Ukiandika unachokitamani badala ya unachokiona, wao ndio watakaojikwaa. Ota upendavyo, lakini ukishika kipimo, sema kweli."