Kujiunga au Kuungana

"Hili neno litoke, Wakili."

"Neno gani tena, Nukta? Kesho saa nne marais wanatia saini."

"Ibara ya kwanza. Umeandika nchi yetu 'itajiunga na' nchi yenu. Kamati ilikubaliana kwamba nchi mbili 'zitaungana'. Kumbukumbu za kikao ninazo hapa."

Akacheka kile kicheko chake cha kubembeleza mtoto. "Si yale yale, mpenzi?"

Eti yale yale. Miezi tisa nimekaa na huyu mtu chumba kimoja, yeye mwanasheria wa nchi kubwa, mimi mhariri wa nchi ndogo ng'ambo ya mto, tunaandika mkataba wa kuzifanya nchi mbili ziwe taifa moja. Nukta ni jina alilonibandika yeye, kwa kuwa sipitishi sentensi isiyo na nukta. Pete ameshanivisha, harusi ni wiki mbili baada ya muungano. Halafu ananiambia yale yale.

"Mtu anajiunga na chama alichokikuta," nikamwambia. "Kina wenyewe, kina kanuni zao, yeye anapewa kadi na kiti cha nyuma. Kuungana ni kwa wawili. Hata mtoto wa darasa la pili anajua."

"Mkuu wangu amelipenda lilivyo."

"Mkuu wako hakuwa peke yake kwenye kikao."

"Unakuza mambo bwana." Akageukia dirishani, akaanza kubonyeza simu.

Simu yangu ikalia mezani. Ujumbe, umetoka kwake. Nikadhani ananiomba radhi kimyakimya, ndiyo kawaida yake.

"Mama usiwe na wasiwasi. Tukishaoana ataacha kazi, atahamia kwako. Baba yake atatunzwa na dada zake. Atajiunga na sisi tu, atazoea."

Nikausoma mara mbili.

"Wakili, mimi umenihifadhi kwa jina gani kwenye simu yako?"

"Mama Watoto. Kwani vipi?"

"Na mama yako?"

"Mama Mza..." Akaitazama simu. Uso ukambadilika.

"Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Nukta, ngoja nikueleze."

"Nimeuliza tulikubaliana nini."

"Nyumba karibu na daraja," akasema kwa sauti ndogo. "Asubuhi umwone baba, jioni tumwone mama. Na kazi usiache."

"Na mama ulimwambia hivyo?"

Nilichoka, jamani. Nilichoka naye, nikachoka na mkataba, nikachoka kumweleza jambo moja mtu aliyesoma kuliko mimi. Nikavua pete, nikaiweka juu ya ibara ya kwanza.

"Mkataba huu siugongei muhuri wangu wa uhakiki. Na mwambie mama asinihangaikie."

Kesho yake saa tatu, mwenyekiti wa kamati akanipigia.

"Binti, njoo uhakiki. Tumebaki na saa moja."

"Neno limetoka, mzee?"

"Limetoka. Mwenzako amesimama mbele ya mkuu wake akakiri kwamba ni lake, si la kamati. Amefokewa hadharani."

Nikasoma ukurasa: zitaungana. Nikagonga muhuri. Lakini roho bado nzito. Nchi zimepata neno lao, mimi je?

Nje ya ukumbi simu ikaita tena. Mama mkwe.

"Mwanangu, huyu kijana amenieleza mlichokubaliana. Nimenuna, sikufichi."

"Pole mama."

"Angesema mapema nisingehangaika kupaka rangi kile chumba chenu. Rangi yenyewe ile ya bluu, nani atalala humo sasa?"

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. "Tutakuja kulala siku moja moja, mama."

"Ah, kumbe bado mnakuja."

Ndani wakapiga makofi, saini zimeshatiwa. Ujumbe ukaingia, safari hii umetumwa kwa mwenyewe.

"Nimekosa. Nilimwogopa mama, nikaona wewe ndiye rahisi kukusogeza. Funguo za nyumba ya karibu na daraja ninazo mkononi. Nukta, tuungane"

Nikamjibu: "Sentensi ya mwisho haina nukta."

"Najua. Ndiyo ninayoiomba"

Nikamwacha asubiri kidogo, maana na mimi nilisubirishwa. Kisha nikaandika: "Njoo na pete yangu."

Nukta nikaiweka mwenyewe.