Vali ya Tangi la Nne

Kituo cha tramu cha Raml hakina adabu saa moja na nusu asubuhi. Watu wanasukumana, muuza mikate anapita na sinia kichwani bila kuomba njia, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Hapo ndipo Inas Shakir, mwenye koti la kijivu na mtandio wa rangi ya komamanga, alipoponyokwa na furushi la michoro likafunguka lote chini. Kijana mmoja mrefu, shati lake limenyooshwa pasi hadi linasimama lenyewe, aliinama kumsaidia. Badala ya kuikunja ile karatasi, akaanza kuisoma.

"Hii pampu hapa haipo," alisema. "Tuliing'oa mwaka juzi."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila ukienda kuitafuta utachoka bure, bibie."

Inas alitaka kukasirika, akashindwa. Kumbe kijana mwenyewe, Wagih, alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mbolea mashariki ya Aleksandria, na Inas alikuwa anakwenda hukohuko. Wagih alipojua hilo alimtazama upya na kumwambia kwamba basi yeye ndiye yule anayekuja kuwatesa. Inas akajibu kwamba anakuja kuuliza maswali tu. Wagih akasema ni kitu kilekile.

Hakukosea sana. Kazi ya Inas ilikuwa kuwakalisha watu wa kiwanda mezani wiki baada ya wiki, michoro imetandazwa, akiwauliza bomba kwa bomba: gesi ikizidi humu itakuwaje? Ikirudi nyuma je? Ikivuja, nani ataizuia, na kwa kitu gani? Kabla yake kiwanda kilikuwa kinanakili majibu ya miaka ya nyuma, hata makosa ya herufi yakirithiwa, kisha watu wanatia sahihi na kwenda kunywa chai. Yeye aliletwa kukomesha mchezo huo. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kinga itakayoandikwa kwenye ripoti kabla mtu hajakwenda kuiona na kuishika. Wafanyakazi walichoka kupanda ngazi nyuma yake wakambatiza Mama Nionyeshe.

Wagih ndiye aliyelitumia jina hilo kuliko wote, na kwa nia zake. Alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Nionyeshe."

Inas alicheka hadi wenzake ofisini wakageuka. Mwanamke anayecheka hivyo na simu sikioni hana tena pa kujificha. Ilipofika majira ya baridi Wagih na mama yake walikwenda kwa kina Inas kuposa, dhahabu ya uchumba ikanunuliwa mbele ya shangazi wanne, na ndoa ikapangwa kufungwa Ijumaa ya pili baada ya Idi ndogo.

Ramadhani iliwakuta bado mezani. Siku ya mwisho ya kikao ilibaki robo saa basi la kiwanda liondoke, na hakuna mtu anayetaka kusikia adhana ya magharibi akiwa barabarani. Midomo ilikuwa imekauka. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja, tangi la nne la amonia. Inas akauliza bomba la chini likivuja litafungwa vipi. Wagih akajibu kwamba kuna vali ya mkono kando ya ngazi.

"Inafunga?"

"Niliifunga kwa mkono wangu huu."

Hakusema lini, na Inas hakuuliza. Kwa mwingine yeyote angesimama, avae kofia ya chuma, amwambie twende. Lakini huyu alikuwa Wagih, amekonda kwa saumu, na mama yake Wagih alikuwa amemwalika Inas kufuturu jioni hiyohiyo.

"Umeridhika, Mama Nionyeshe?" Wagih alimtania.

"Kwako nimeridhika."

Chumba kizima kilicheka. Inas akatia alama kwenye kisanduku kinachosema kwamba vali imeonekana kwa macho. Nawapenda wote wawili, lakini kwa alama ile siwatetei.

Wagih hakuwa amedanganya. Aliifunga kweli, miaka minne nyuma. Tangu hapo hewa ya chumvi ilikuwa imeila taratibu, na hakuna aliyeigusa.

Siku ya Jumanne, siku tatu kabla ya ndoa, bomba la chini la tangi la nne lilipasuka asubuhi kweupe. Aliyekimbilia vali alikuwa Ami Shuhdi, mzee aliyemfundisha Wagih kazi tangu anaingia kiwandani hajui bomba la maji wala la mvuke. Alivaa barakoa akashika gurudumu la vali, na gurudumu halikugeuka. Akang'ang'ana nalo hadi barakoa ikamtoka usoni, gesi ikamwingia machoni. Walimtoa akiwa hai. Macho yake hayakupona.

Ndoa iliahirishwa bila mtu kulitamka neno hilo. Wagih na Inas walikutana kwenye korido ya hospitali, mtandio wake umepinda na yeye hana habari nao.

"Kamati ya uchunguzi inaanza kesho," Wagih alisema. "Nitawaambia nilikudanganya. Nitasema nilikwambia nimeikagua asubuhi ileile."

"Hukuniambia hivyo."

"Wewe utabaki na kazi yako. Mimi nitavumilia."

Inas alilia, maana hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kikubwa kama hicho. Kisha akakataa. Alimwambia kwamba wakisikia kuna mwongo mmoja watamfukuza mwongo huyo, na mwakani watakaa meza ileile na kuamini majibu yaleyale.

Kesho yake alisimama mbele ya wanaume watano wa kamati akasema hakwenda kuiona vali kwa sababu aliyejibu ni mchumba wake, na magharibi ilikuwa imekaribia. Mmoja wao alimwomba arudie ili mwandishi aandike. Akarudia, uso unamwaka kwa aibu. Walimwondoa kwenye kuongoza vikao na kumteremsha Wagih cheo. Halafu wakatuma watu kuzijaribu vali zote za mkono kiwandani, ishirini na saba, na kumi na moja hazikugeuka.

Wagih hakupiga simu siku sita. Inas alidhani amemchukia kwa kuutaja uchumba wao mbele za watu, naye Wagih alidhani Inas hataki tena kusikia sauti yake. Siku ya saba alipiga, wakakutana mkahawani, vikombe viwili vya kahawa vikipoa mbele yao.

"Mama anauliza tarehe," Wagih alisema.

"Na wewe unauliza nini?"

"Nakupenda, Inas. Hilo halijapungua hata kidogo."

"Ila?"

"Ila kila jioni nakwenda kumlisha Ami Shuhdi. Namwekea kijiko mkononi, na moyoni najisemea, angeniuliza 'lini?', ningekumbuka. Neno moja tu. Wengine wote uliwauliza."

Inas aliinamisha kichwa. Maneno hayo alikuwa akiyangoja, na bado yalimchoma kifuani.

"Na mimi najisemea, angetaja mwenyewe ni lini."

Walikaa wakilia bila kujificha, na mhudumu akawa anahudumia meza za mbali tu. Wagih alisema wangeweza kuoana hivyohivyo, watu wanaoana na mazito zaidi. Inas alisema wangeweza, halafu siku moja watagombana kwa jambo dogo, chumvi tu kwenye mchuzi, na watayatamka haya.

"Tumeshayatamka," Wagih alisema.

"Ndiyo maana."

Aliinuka na kuvaa koti lake la kijivu. Wagih akauliza atamwambia nini mama yake, aliyekwisha kushona mapazia ya chumba chao.

"Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Dhahabu nitairudisha kesho, kama anavyorudisha mwanamke aliyekataa."

"Huo si ukweli, Inas. Na wewe hupendi uongo."

"Huu mmoja niachie. Usije ukalaumiwa na mama yako pia."

Wagih aliitikia kwa kichwa, na hilo ndilo jambo la mwisho walilokubaliana.