Shimo Lisilojaa

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota ndoo mbili kisimani, na kila asubuhi nilimkuta dobi amenitangulia. Sisi watoto tulimwita Mama Povu, naye hakukasirika. Alifua mashuka na sare za nusu ya mtaa, akizianika kwenye kamba zilizofungwa ukutani kwetu.

Asubuhi moja alinisogezea ndoo yake.

"Hebu nusa, mwanangu. Wiki ya pili hii mashuka yanatoka na madoa ya njano. Nimebadilisha sabuni, wapi! Unasikia harufu gani?"

Niliinama nikanusa. Ilikuwa harufu ya ovaroli ya baba. Baba ni fundi wa magari, na gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu, upande wa juu wa kisima. Harufu ile nimeizoea tangu nizaliwe, nisingeweza kuikosea.

"Sisikii kitu," nikasema.

Nilijua hata ilikotoka. Nyuma ya gereji kulikuwa na shimo ambalo baba alimwagia oili chafu. Miaka sita alimwaga, na halikujaa hata siku moja. Alijisifu kwa wateja: "Shimo langu lina kiu ya ajabu. Linakunywa tu, hata asante halisemi!" Wateja walicheka, nami nilicheka kuwashinda.

Hazikupita siku nyingi, mdogo wangu akaanza kutapika, kisha watoto wa majirani. Watu wakakusanyika kisimani, hasira zimewapanda, na yule aliyekuwa wa kwanza kulalamika juu ya maji ndiye aliyegeuziwa kibao.

"Ni masabuni yake hayo. Si yeye ndiye anayeshinda hapa?"

Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa baba. "Mwanangu anatapika kwa sababu ya povu lako! Ondoka!"

Mama Povu aligeuka. Alinitazama mimi, akisubiri. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kamba zake zilikatwa siku hiyo hiyo, mashuka ya watu yakaanguka vumbini, na kesho yake akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili. Nilijichukia, lakini kujichukia kwangu hakukumsaidia kitu.

Dobi aliondoka, maji hayakutakata. Sasa juu ya ndoo palielea utando wa rangi rangi, na mdogo wangu akalazwa zahanati. Bwana afya alikuja na chupa zake, akachukua maji ya kupima, kisha akaita watu wote.

"Sabuni haifanyi hivi," alisema. "Kuna mtu anamwaga mafuta ardhini. Nani?"

Baba alikuwa amesimama kando yangu. Nadhani hakujua kweli. Aliliamini shimo lake. Mimi nilijua. Nikamkumbuka mdogo wangu alivyokonda pale kitandani, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shimo letu halijai," nikasema. "Baba, yote linayokunywa yanakwenda wapi?"

Baba alinyanyua mkono, kisha akaushusha. Safari hii hakuna aliyecheka.

Walipochimba, udongo ulikuwa mweusi na unanuka, kina cha mtu mzima, na weusi ule ulielekea moja kwa moja kisimani. Bwana afya alikifunga kisima kwa kufuli, akasema lazima udongo wote utolewe. Siku ya kwanza baba alichimba peke yake, majirani wamesimama mikono kiunoni. Siku ya pili seremala alikuja na sepetu yake, amenuna.

"Sikuja kwa ajili yako, fundi. Nimekuja kwa ajili ya maji."

Wengine wakafuata. Tulijaza mapipa kwa mapipa ya udongo, na lori likayapeleka mahali bwana afya alipoelekeza. Kisima kilivutwa maji kwa pampu, kikapimwa, kikavutwa tena. Mdogo wangu alipona, lakini kwa miezi kumi na moja tulibeba maji kutoka mbali, na njiani hakuna aliyenisemesha. Oili ya gereji sasa huwekwa kwenye pipa lenye kifuniko.

Mama Povu naye alikuja kuchimba. Baba alimwendea mbele ya watu wote, akapiga magoti kwenye udongo ule ule.

"Dada, nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusikia, fundi," akajibu, akaendelea kuchimba. Mpaka leo hajamwongezea neno.

Siku kufuli lilipofunguliwa, Mama Povu alikuja kisimani na wengine, nami nikamchotea ndoo ya kwanza. Aliinusa kwa muda mrefu.

"Siku ile ulisikia harufu?"

"Nilisikia, mama."

"Najua. Niliiona pua yako ikikunjamana." Akaiweka ndoo chini. "Ardhi hainywi, mwanangu. Uchafu unaoimwagia inautunza, halafu inampelekea mtu asiyehusika. Na wewe ulilimeza neno ukadhani limekwisha. Lilinipata mimi, kisha likampata mdogo wako. Siku nyingine ukisikia harufu, sema hapo hapo, hata kama inatoka nyumbani kwenu."

Nililia. Hakunibembeleza. Alijitwika ndoo yake akarudi kwa dada yake, na misumari ya kamba zake bado ipo ukutani kwetu, mitupu.